Kuazima, Kukopa na Kukodi: Kitabu cha Kielektroniki na Msomaji wa Jorodom

Kiswahili hutenga matendo matatu. Mtu akiazima jembe, hurejesha jembe lile lile. Akikopa pishi ya unga, hurejesha pishi nyingine. Akikodi baiskeli, hulipia muda wa kuitumia. Kiingereza huyaweka mawili ya kwanza chini ya kitenzi kimoja, na yumkini ndiyo sababu mjadala wa kuazima vitabu vya kielektroniki, ulioanzia katika lugha hiyo, umefika Afrika Mashariki ukiwa umevurugika.

Maktaba za Marekani zinapoazimisha vitabu hivyo kwa programu kama Libby, zenyewe aghalabu zimevikodi. Mwaka 2011 mchapishaji HarperCollins aliamua kwamba leseni ya kitabu ikome baada ya kuazimwa mara 26. Maktaba ikikitaka tena, ilipie tena. Internet Archive ilijaribu kuazimisha kwa maana halisi, yaani nakala ya karatasi ikae kabatini na msomaji mmoja apewe mfano wake kwa muda. Wachapishaji wanne waliishtaki, wakashinda mwaka 2023 na tena katika rufani mwaka 2024. Mlango unaosalia ni wa mwanachama wa maktaba yenye fedha za leseni.

Jorodom haina sifa hiyo. Imo katika eneo la wilaya za Mbulu na Hanang, mkoani Manyara, ambako Kiiraqw na Kidatoga ni lugha za nyumbani kwa wengi, na Kiswahili hushika nafasi yake shuleni, ofisini na mnadani. Kwa mzungumzaji wa namna hiyo kusoma si burudani tu. Kiswahili sanifu alichonacho kimejengwa kwa maandishi. Maandishi yakikosekana baada ya darasa la saba au kidato cha nne, umahiri huo hudhoofika. Maktaba za vijiji zilizoenezwa wakati wa kampeni ya kisomo ya miaka ya 1970 zililenga pengo hilo hilo, lakini nyingi hazikudumu.

Taasisi ya Elimu Tanzania imefanya jambo la kusifiwa kwa kuweka vitabu vya kiada katika Maktaba Mtandao bila malipo. Hata hivyo, aliyekwisha kumaliza shule na ana kiu ya riwaya hatatosheka na kitabu cha kiada. Isitoshe, jina lenyewe lina walakini: mtandao umegeuzwa kuwa jengo la maktaba, na asiye na bando hubaki nje. Istilahi kitabu pepe nayo, iliyofuata mfano wa barua pepe, humfanya msikilizaji afikirie kitu kinachopaa. Barua hupaa kweli. Kitabu hakihitaji kupaa zaidi ya mara moja. Riwaya isiyo na picha ni faili dogo, aghalabu dogo kuliko wimbo mmoja, na vijana wa minadani wamekwisha kuonyesha njia (wanaisimu wamechelewa kuitazama): nyimbo huingizwa kwenye memori kadi kibandani, kisha hurushwa kutoka simu hadi simu bila senti ya bando.

Kolibri, programu ya asasi ya Learning Equality, hulifanya jambo hilo kwa utaratibu. Kompyuta moja shuleni hupakiwa vitabu, hata kwa diski ya mfukoni, na simu zilizo karibu huvisoma kwa waifai ya hapo hapo bila intaneti. Raspberry Pi, kompyuta inayotosha kiganjani, huweza kuibeba kazi hiyo.

Swali gumu ni vitabu gani vipakiwe. Shaaban Robert alifariki mwaka 1962. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya 1999 iliweka ulinzi wa miaka 50 baada ya kifo cha mwandishi. Kwa hesabu hiyo, vitabu alivyochapisha akiwa hai, kama Kusadikika cha 1951 na Adili na Nduguze cha 1952, ulinzi wake ulikwisha pamoja na mwaka 2012. Hivyo vingekuwa rafu ya kwanza. Hadithi za watoto za African Storybook, zinazotolewa kwa leseni huria tangu 2014, ni rafu ya pili. Kuna pia vitabu vinavyomhusu msomaji huyo kuliko mtu mwingine yeyote lakini havimfikii: kamusi ya Kiiraqw na Kiingereza ya Mous, Qorro na Kießling ilichapishwa Köln mwaka 2002.

Waandishi walio hai hawapaswi kudhulumiwa kwa kisingizio cha vijiji. Bodi ya Huduma za Maktaba, yenye chimbuko lake katika sheria ya 1963, ndiyo inayostahili kununua kwa wachapishaji wa Tanzania, kwa jumla moja na bila ukomo wa muda, haki ya kuweka nakala katika kompyuta za shule za vijijini. Huko kungekuwa kununua, si kukodi. Malipo yafanywe kwa kitabu wala si kwa kila msomaji, kwa sababu memori kadi haihesabu wasomaji, na mwalimu mwenye ufunguo wa chumba cha kompyuta hana wasaa wa kuwahesabu.