Chungu Kizito Hakili Mkaa

Nimeyasikia Tanga, Dar es Salaam na Mombasa, tena kwa maneno yaleyale: chungu cha chuma kinakula mkaa. Eti uzito wote ule lazima upate moto kwanza ndipo chakula nacho kipate chake, kwa hiyo mwenye kipato kidogo anunue sufuria nyepesi ya alumini. Maneno haya yanasikika kama hesabu, ndiyo maana hayahojiwi. Lakini hesabu yenyewe hawaifanyi.

Tuifanye. Kilo moja ya chuma, ili joto lake lipande kwa nyuzi moja, inahitaji kama kilojuli 0.45. Kilo moja ya maji inahitaji 4.2. Kwa hiyo chungu cha kilo 5, kile kinachomtisha mtu akikinyanyua, kinadai joto la zaidi kidogo ya nusu lita ya maji. Basi! Na anayepika maharage ya familia ameshatia lita tatu bila kulalamika. Hata tukichukulia kwamba robo tu ya joto la mkaa ndiyo inayofika chunguni na nyingine yote inapotelea hewani, uzito ule wote unapata moto kwa gramu 25 hivi za mkaa. Vipande vichache. Hicho ndicho kinachoitwa kula mkaa.

Mwizi wa kweli ni mvuke. Kugeuza lita moja ya maji yanayochemka kuwa mvuke kunachukua kilojuli 2,257, mara 13 hivi ya joto lililokifikisha chungu kizito kwenye nyuzi 100. Sasa itazame sufuria nyepesi ikiwa jikoni. Mfuniko umebonyea upande mmoja, unarukaruka na kugongagonga. Povu linamwagika, makaa yanazimika. Mpishi anaongeza maji, kisha anaongeza mkaa ili yale maji mapya nayo yachemke. Kina mama wengi wamechoka na mchezo huo, wakaweka jiwe juu ya mfuniko. Jiwe lile kwangu ni ushahidi tosha. Mkono unajua kwamba chakula kinataka kufunikwa kwa uzito, ingawa mdomo bado unasema uzito ni hasara.

Chungu ninachopikia mimi kilikuwa cha babu mzaa mama, aliyekuwa mpishi kwenye nyumba ya meneja wa shamba la mkonge Tanga. Wenye nyumba walipoondoka, alibaki nacho. Kutoka kwake kikaenda kwa bibi, kwa mama, kisha kwangu. Mfuniko wake una ukingo ulioinuka kuzunguka, ili makaa yakiwekwa juu yasiporomoke. Wala bibi hakuhitaji kuelezwa ukingo ule ni wa nini. Mpishi wa pwani amekuwa akipalia makaa juu ya wali na juu ya mkate wa kumimina tangu yeye hajazaliwa.

Maharage yakiwa yamelala kwenye maji usiku kucha, nayamwaga maji, natia mengine, nayachemsha kwa nguvu kama dakika kumi hivi. Kisha natoa makaa mengi, nabakiza machache yaliyoanza kuvaa majivu. Mfuniko hautikisiki. Ukiufunua baadaye, utaukuta kwa ndani umejaa matone, na kila tone linarudi lilikotoka. Mchuzi umepungua kidogo sana, na harufu ya kitunguu imebaki ndani badala ya kuwafikia majirani. Nikikiepua, kinaendelea kutokota chenyewe. Hapo ndipo natia tui zito, na joto lililobaki kwenye chuma linatosha kuliivisha bila moto chini. Hiyo ndiyo faida ya ule uzito: joto ulilolilipia mwanzo hulipoteza, unalitumia mwisho.

Sisemi kwamba kinafaa kila kitu. Kwa kikombe cha chai au yai la asubuhi, chukua sufuria nyepesi, nami nitakuunga mkono. Tena chuma husambaza joto polepole kuliko alumini, kwa hiyo ukikipelekea moto mkali kwa pupa kitaunguza katikati huku pembeni chakula kingali kibichi. Wengi wanaokishutumu walikipikia hivyo.

Kinachonikera zaidi ni kuona madai haya yasiyo na msingi yakipewa sifa ya busara ya mtu maskini. Abraham Darby wa Bristol alipopata hati miliki ya kusubu vyungu vya chuma kwenye mchanga, mwaka 1707, alikuwa anatafuta chombo cha bei nafuu kwa watu wasioweza kununua cha shaba. Hakikuwa chombo cha matajiri. Kule Marekani, mama yake George Washington alivigawa vyombo vyake vya chuma vya jikoni katika wosia wake wa mwaka 1788, sehemu kwa mjukuu huyu, sehemu kwa yule. Kwetu mnunuzi wa vyuma chakavu anapita na mizani, na chungu cha bibi kinauzwa kwa kilo, kwa fedha isiyofika jioni. Kisha tunakwenda dukani kununua sufuria ambayo haitamaliza miaka mitano bila kutoboka.

Kutu nayo hutolewa kama sababu. Sugua kwa stili waya hadi chuma kionekane, osha, kausha juu ya moto, paka mafuta kidogo sana na ukipashe hadi moshi ukatike, rudia. Sabuni ya kawaida haikiharibu. Ukwaju na nyanya visilale humo usiku, basi.

Na kuna jambo zito kuliko mkaa. Mwaka 1999 jarida la The Lancet lilichapisha utafiti uliofanywa Ethiopia kwa watoto wadogo: waliolishwa chakula kilichopikwa kwenye vyungu vya chuma walipata nafuu kubwa zaidi ya upungufu wa damu kuliko wale wa sufuria za alumini. Chungu kisichopakwa enameli huachia madini ya chuma kidogo kidogo kwenye chakula. Katika nchi ambazo upungufu wa damu ni ugonjwa wa kila zahanati, mtu anapataje moyo wa kukipeleka kwenye mizani?

Tanzania imejiwekea lengo kwamba ifikapo 2034 asilimia 80 ya wananchi wawe wanapikia nishati safi. Naliunga mkono kwa moyo wote. Sitaki mtoto yeyote akohoe moshi kwa sababu ya mapenzi yangu kwa chungu. Ila mitungi ya gesi inagawiwa, majiko yanagawiwa, na kinachokaa juu ya jiko hakizungumzwi kabisa, wakati gesi ikiisha katikati ya mwezi ndipo familia inaporudi kwenye mkaa. Wanaoendesha maonyesho ya mapishi ya nishati safi nawaomba kitu kimoja: siku moja wabandike maharage kwenye chungu kizito, yachemke, wapunguze gesi hadi mwali wa mwisho, kisha waizime kabisa mbele ya watu na waendelee kuzungumza nusu saa kabla ya kufunua.