Mashini Hutii, Haifikiri

Ndugu mfanyakazi wa Masisi na Walikale, fikiri jambo hili. Tarehe 3 Septemba 1974, Boeing 747 ya British Airways ilikuwa ikishuka Nairobi. Iliruhusiwa kufika futi 7,500; marubani wakaelewa 5,000, wakaweka hesabu hiyo katika mashini inayoongoza ndege. Kumbe kiwanja chenyewe kiko juu zaidi ya futi 5,300! Mashini ikatii. Ndege ilipandishwa tena ikiwa imebakiza futi 70 tu kugusa ardhi.

Mashini haikuharibika. Iliyokosa ni hesabu.

Hata shimoni ni vivyo hivyo. Ukipewa hesabu, ilinganishe kwanza na mahali ulipo. Ukiona haipatani, simamisha kazi, muulize shefu. Kuuliza si aibu. Ni kulinda maisha.