Jamaa wa Sani Ifakara Siyo Chizi, Staa Ndiye Arudishe Nakala Sita

Wadau wa Ifakara wanamjua. Ana kibanda cha spea za pikipiki njia ya kwenda stesheni ya TAZARA, na nyumbani kwake kuna sanduku la bati limejaa magazeti ya katuni ya zamani. Sani ndiyo nyingi, Kingo zipo, na chini kabisa kuna African Film chache, zile za picha za Lance Spearman. Mtaani wameshambatiza Lodi Lofa. Jina lake halisi halina haja ya kutajwa, maana alishachekwa vya kutosha.

Alianza kuwa gumzo mvua za 2024. Maji yalipoingia ndani, kitu cha kwanza kutolewa kilikuwa sanduku. Godoro lilibaki, gunia la mpunga lilibaki, hata begi la shule la mtoto lilibaki. Jirani akarekodi, video ikazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp, Kidatu mpaka Mlimba watu wanacheka.

Mke wake hakucheka. Waliomwita mkorofi wafikirie tena. Gunia lile ndilo lilikuwa liuzwe mtoto apate viatu na sare, na likalowa mbele ya macho yake wakati mume yuko juu ya benchi amekumbatia Madenge. Kukasirika hapo ni haki yake kabisa. Bonde zima la Kilombero linaishi kwa mpunga, na hakuna mama wa Ifakara ambaye angeona gunia linaloa halafu apige makofi.

Ila kumwita jamaa chizi nako ni kukosa kujua kilichomo sandukuni. Baba yake alikuwa mtu wa TAZARA, na kila safari ya Dar alirudi na Sani mkononi. Mtoto alianza kusoma kwa Madenge kabla hajakaa kwenye dawati. Hao kina Ndumilakuwili, Kipepe na Lodi Lofa waliwalea watu wengi tu ambao leo ni mameneja na wabunge, sema wengi wao hawatakubali hadharani. Jina lenyewe Sani lilitoka kwa waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Vijana waliozaliwa juzi hata hilo hawalijui, wanadhani katuni za Kibongo zimeanza na simu.

Kule Uingereza wapo watu wazima, wana kazi zao na mikopo ya nyumba, wanaosaka nakala za TV Comic. Hilo gazeti la watoto lilianza 1951, likawa linachota visa kwenye televisheni, na kuanzia 1964 likachapa Doctor Who. Wanazihifadhi vizuri na hakuna anayewacheka. Tena kule maktaba zipo, gazeti la zamani lina mahali pa kulala. Huku gazeti la zamani linauzwa kwa kilo, linaishia kufungia karanga na vitumbua, na tangu mifuko ya plastiki ipigwe marufuku Juni 1, 2019, karatasi ndiyo imezidi kutafutwa. Sani ngapi zimeliwa na mafuta ya vitumbua Mungu ndiye anajua.

Sasa turudi kwenye msala wenyewe. Msimu wa mavuno, watu wana hela ya mpunga, kukaja shoo Ifakara. Katika wasanii waliokuja alikuwepo mchekeshaji mmoja kutoka Dar, jina kubwa, kofia haivui hata usiku. Alishaiona ile video. Akaenda nyumbani kwa jamaa, akala wali na samaki wa mto Kilombero, akapiga selfi na sanduku, akaondoka na nakala sita "za kuazima". Wiki mbili baadaye vile visa vikaanza kutoka kwenye ukurasa wake, anavisoma na kuviigiza kana kwamba vimetoka kichwani kwake. Na pale anapoonyesha michoro, kona yenye sahihi ya mchoraji imekatwa. Simu ya jamaa haipokelewi.

Mashabiki wake wanamtetea, eti kila mtu anaiga. Ni kweli watu waliiga. Lance Spearman alitoka kwenye ubavu wa James Bond, kila mtu anajua. Komredi Kipepe naye, wasomi wameshaandika jinsi alivyofuata nyayo za katuni za nje. Lakini waliomtengeneza Spearman walihangaika, wakamtafutia kofia yake, ngumi zake, maadui zake, mpaka mtoto wa Kilosa akajiona ni yeye. Huyu staa amehangaika na nini zaidi ya mkasi? Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo tangu 1999, na COSOTA wapo. Anavyolalamika nyimbo za wenzake zikipigwa baa bila malipo, hilo analijua vizuri sana.

Na jamaa wa sanduku naye asijione malaika. Watoto wa mtaani kwake wamekuja mara ngapi kuomba wasome hata nakala moja, pale pale barazani, wakafukuzwa? "Mtachana." Hilo ndilo jibu lao kila siku. Halafu anakuja mtu wa Dar mwenye miwani, anakabidhiwa sita bila karatasi, bila shahidi, hata mke hajaulizwa. Mtoto wa jirani angechana ukurasa mmoja, na ukurasa ungegundishwa kwa gundi. Hizi sita zimekwenda moja kwa moja.

Habari njema ni kwamba siku hizi sanduku limewekwa juu ya matofali manne, na aliyeyapanga ni mke. Kaweka na sharti: gunia la mpunga linakaa juu ya sanduku, kwa hiyo mvua ikija havitolewi kimoja kimoja. Jamosi jioni watoto wanaruhusiwa kusoma, mikono ikiwa imenawishwa, yeye mwenyewe mama ndiye anasimamia.

Staa naye, kama ameshamaliza kuchekesha, mabasi ya Dar kuja Ifakara yapo kila siku asubuhi. Kondakta anapokea kifurushi, na nakala sita hazina uzito.