SEHEMU YA 4: Mnauziwa hofu, siyo adapta

Leo nitasema ukali kidogo, mnivumilie.

Umenunua kompyuta ya mezani ya mtumba ili mtoto asome, kumbe haina Wi-Fi. Unaenda kutafuta adapta, kile kidude cha kuchomeka kwenye USB. Muuzaji anaona tumbo au mtoto mgongoni, anaanza: "Mama, chukua hii ya bei ya juu, haina mionzi. Na hii stika inakinga."

Uongo mtupu! Adapta isiyorusha mawimbi haishiki Wi-Fi, maana hiyo ndiyo kazi yake. Na stika ikizuia mawimbi kweli, intaneti inakata. Chagua moja.

Wanachanganya mambo makusudi. Eksirei ina nguvu ya kuharibu seli, ndiyo maana tunakuuliza kama una mimba kabla ya kupiga picha. Mawimbi ya Wi-Fi hayana nguvu hiyo. Watakutajia kwamba mwaka 2011 taasisi ya saratani ya WHO iliweka mawimbi ya redio kundi la 2B, yaani "huenda" yakaleta saratani. Hawakuambii kuwa hoja kubwa ilikuwa simu za kubandika sikioni, wala kwamba kundi hilohilo lina achari za mboga za Asia. Na hiyo simu unayosomea hapa huku unanyonyesha, inarusha mawimbi ya aina hiyohiyo.

Sasa anayekimbia Wi-Fi anafanya nini? Anavuta waya mrefu sebuleni, palepale mtoto anapotambaa na wewe unapopita na chai ya moto. Jamani, wodini tunapokea watoto walioungua na walioanguka. Hiyo ndiyo hatari ya kuogopa.

Kama unanunua, fanya hivi:

1. Kwanza jaribu bure. Simu nyingi za Android, ukiichomeka kwenye kompyuta kwa waya wa chaji, unaingia kwenye mipangilio unawasha kushirikisha intaneti kwa USB. Huenda huhitaji kununua kitu.

2. Uliza kama inashika 2.4 na 5 GHz. 2.4 inapenya kuta vizuri zaidi, 5 ina kasi ukiwa karibu na ruta.

3. Uliza kama inakubali Windows uliyonayo. Programu yake ikiwa kwenye CD na kompyuta yako haina sehemu ya CD, umekwama. Omba ijaribiwe mbele yako.

4. Ukiichomeka nyuma ya boksi la chuma, mtandao unaweza kuwa hafifu. Ichomeke mbele, juu mbali na mikono ya mtoto.

Basi. Hela ya stika kanunue mayai, mtoto ale.

Mtumie na mama mwenzio kabla hajaenda dukani.