MAMBO YA NYUMBANI: UJIRA WA KUTIA MLANGO WA NJE

Mzee mmoja wa hapa Usinge, mwenye nyumba mpya ya matofali ya kuchoma, ametuuliza swali ambalo tumelisikia kwa wengi tangu tumbaku ilipouzwa. Alisema, "Mlango nimekwisha kuununua, fremu ninayo, bawaba na kitasa vimo ndani. Imebaki kuvitia mahali pake tu, nayo ni kazi ya siku moja au mbili. Mbona fundi ataka fedha nyingi hivyo? Je, hatuli huyu?" Twaona swali hili lafaa kujibiwa mbele ya watu wote, maana wanaouliza si wabahili. Ni watu wenye watoto shuleni na deni la mbolea, na kila shilingi wanaihesabu mara mbili kabla ya kuitoa.

Basi tuseme rai yetu mapema. Katika mlango wa nje, jambo ambalo watu wengi hulipunguzia fedha ndilo lile lile lisilopasa kupunguziwa, yaani mkono wa fundi anayeutia. Heri mtu anunue mlango usio na nakshi, akapate fundi mzuri, kuliko kununua mlango wa simba wawili na maua, kisha akautia kwa mkono wa yeyote apitaye njiani. Simba wa mbao hajamfukuza mwizi hata mmoja.

Watu wa zamani walilijua jambo hili. Mtu akitoka Tabora mjini akaenda Kwihara, si mbali, ataona tembe walimokaa Livingstone na Stanley mwaka 1872, hapa hapa katika njia ya misafara iliyotoka pwani kwenda Ujiji. Nyumba ile ni ya udongo na dari yake ni bapa, lakini mlango wake ni wa nakshi kwa desturi ya pwani. Milango ya namna hiyo, kama ile ya Unguja na ya Lamu, haikuhitaji bawaba za chuma. Kila ubao ulichongwa ncha juu na chini, na ncha hizo zilizunguka ndani ya matundu yaliyochimbwa katika vizingiti. Na mahali mbao mbili zikutanapo palikuwa na mfaa, mti mnene unaofunika mwanya. Ncha ikikosea tundu kidogo tu, mlango mzima haufungi. Tena yasemwa Unguja kwamba mlango ulisimamishwa kwanza, ndipo kuta zikajengwa kuufuata.

Sisi leo twafanya kinyume. Twajenga ukuta, twaacha tundu, na baada ya miezi, au miaka, fedha ipatikanapo, ndipo twamwita seremala aje autie mlango katika tundu lile. Tena aliyejenga ukuta alikuwa mtu mwingine, naye huenda alijenga kwa haraka kabla ya mvua. Upande mmoja umeinama, upande mwingine una tumbo, na chini sakafu haijalala sawa. Fundi wa mlango ndiye anayepaswa kuupatanisha ukuta uliopinda na mlango ulionyooka. Mapatano hayo ndiyo unayomlipia, wala si kupiga misumari.

Tumtazame akifanya kazi. Kwanza husimamisha fremu, kisha hushusha timazi mara mbili katika kila mwimo, mbele na ubavuni, maana mwimo waweza kuonekana umesimama ukiutazama mbele, kumbe unaanguka kuelekea ndani. Ndipo hupima kutoka pembe hata pembe. Tundu la mlango lenye sentimita 210 kwa 90 likiwa sawasawa, kipimo cha pembe mbili za kukabiliana ni sentimita 228 na nusu, na kipimo cha pembe mbili nyingine ni hicho hicho. Vipimo hivyo viwili vikitofautiana, fremu imekaa mshazari, na mlango utagusa mahali fulani, iwe leo au mwezi ujao. Msomaji hahitaji kuwa seremala ili kulijua hili; aazime futi ya utepe, apime mwenyewe kabla saruji haijakauka. Fundi mwema hachukii kupimiwa.

Baada ya hapo fremu hushikwa katika ukuta kwa vyuma au misumari mirefu inayoingia ndani ya udongo wa saruji, na upande wake wa nyuma hupakwa dawa au lami ili mchwa wasipate njia. Kazi hii haionekani tena ikiisha kufunikwa, na kwa sababu hiyo ndiyo inayoibwa mara nyingi na mafundi wa ujira mdogo.

Halafu mlango wenyewe. Huku kwetu watu hupenda mninga, nao wana haki, maana kiini chake hakiliwi upesi na mchwa, wala hakinywei sana kikikauka. Lakini mninga ni mzito. Mita moja ya ujazo ya mninga mkavu ina kilo 600 na zaidi. Mlango wa unene wa sentimita 4, usio na paneli nyembamba, hupita kilo 45. Ni karibu gunia la saruji linaloning'inia ubavuni mwa mwimo usiku na mchana, nalo hutikiswa kila mtoto apitapo mbio. Kwa hiyo mlango wa nje wataka bawaba tatu, si mbili, na kila bawaba ichimbiwe kitanda chake kwa patasi hata ilale sawa na uso wa mti.

Hapa twaomba ruhusa kusema neno kali kidogo. Tumeona vijana wengi wakizipigilia parafujo kwa nyundo kama misumari, kisha wanazungusha bisibisi mara moja mwishoni ili zionekane zimekazwa. Parafujo iliyopigwa nyundo imerarua nyuzi za mti, nayo haishiki kitu. Mlango huo utasimama vizuri siku ya kulipwa, na kabla ya masika mawili utakuwa umeshuka na kukwaruza sakafu. Fundi mwenye keekee hutoboa kwanza, kisha hukaza parafujo taratibu mpaka mwisho. Bawaba tatu zaweza kuwa na parafujo 18 au 24, na kuzitia kwa namna hiyo huchukua muda. Muda ule umo katika ujira.

Sasa tufanye hesabu, nayo ni ya mfano tu, maana bei hazifanani Kaliua, Urambo na Tabora, na kila mwaka zina mambo yake. Tuseme mlango, fremu, bawaba na kitasa vimekugharimu shilingi 300,000. Fundi wa kwanza ataka 50,000 kwa kuutia. Wa pili asema 20,000. Ukimchukua wa pili umeweka akiba ya 30,000, yaani sehemu moja ya kumi ya mali uliyonunua. Lakini sehemu tisa nyingine zote umezikabidhi mikononi mwake. Akichimba tundu la kitasa kwa kina kupita kiasi, ubavu wa mlango umepasuka, wala hakuna gundi ya kuurudishia nguvu zake za kwanza. Akiupunguza mno kwa randa ili uingie katika fremu iliyopinda, umebaki mwanya ambao nyoka hupita. Hapo utamwita yule wa 50,000 aje atengeneze, naye atataka zaidi, kwa kuwa kuivunja kazi mbaya na kuianza upya ni kazi mbili.

Wala si fedha peke yake. Mama mmoja mjane wa kijiji cha jirani alitiwa mlango mzuri wa mninga, lakini aliyeutia aliufanya ufunguke kuelekea nje, bawaba zake zikabaki nje pamoja na pini zake. Wezi walikuja usiku, hawakugusa kitasa; waligonga pini, wakaubandua mlango kwa upande wa bawaba. Walichukua baiskeli na magunia mawili ya karanga. Kitasa kilikuwa bado kimefungwa asubuhi. Mama yule alikuwa amelala chumba cha pili na wajukuu wake, naye alisikia kila kitu, asithubutu kukohoa. Kwa hiyo, mlango wa nje ufunguke kuelekea ndani; na kama hapana budi ufunguke nje, bawaba ziwe za namna ambayo pini yake haitoki.

Wako wanaosema, "Tuache mbao, tutie mlango wa chuma." Nao wafaa, hasa kwa duka, ila nao hutaka fremu iliyosimama sawa, wala hautoi udhuru kwa fundi mbaya.

Juu ya ununuzi wa mbao tuna neno moja. Usinge imezungukwa na miti, na mtu huweza kuletewa mninga usiku kwa baiskeli kwa bei ya kustaajabisha. Asiufurahie. Mbao za msitu zinasimamiwa kwa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002, na Wakala wa Huduma za Misitu hutaka kuona kibali, stakabadhi, na alama ya nyundo iliyogongwa. Mbao zisizo na hati zaweza kutwaliwa, nawe ukaingia katika kesi kwa ajili ya mlango. Tena mbao za usiku huwa mbichi, na nyingi zina ule upande mweupe wa nje wa mti, ambao wadudu huula kama mkate. Taka stakabadhi, itunze pamoja na karatasi za kiwanja.

Imebaki habari ya kulipa. Twajua kwamba baadhi ya mafundi huchukua fedha yote mwanzoni, kisha hawaonekani. Twajua pia, nalo hatusikii likisemwa barazani, kwamba baadhi ya wenye nyumba humwambia fundi "njoo kesho" mpaka fundi anachoka, na nyumbani kwake wanalala bila unga. Njia iliyo bora ni kupatana kabla kazi haijaanza, mbele ya shahidi, na kuandika: nani atanunua parafujo na rangi, nani atatengeneza plasta ikibomoka, na ujira ni kiasi gani. Sehemu moja ilipwe fremu ikisimama, nyingine mlango ukitundikwa. Iliyobaki ilipwe siku ile ile, baada ya mwenye nyumba mwenyewe kuufungua na kuufunga mara kumi, kuzungusha ufunguo, na kutazama kama mlango ukiachwa nusu wazi wakaa palepale. Ukijiendea wenyewe, mwimo umeinama.

Mwulizeni fundi pia kama amepaka rangi au vanishi ukingo wa juu na ukingo wa chini wa mlango. Wengi huviacha, kwa kuwa havionekani, na huko ndiko maji yaingiako. Kati ya mlango na mwimo kubaki nafasi ya milimita 3 hivi, na chini zaidi kidogo, kwa sababu mti huvimba mvua ikija.

Mvua zetu za Tabora huanza mnamo Novemba. Mwenye fremu yake ukumbini na aongee na fundi wake kabla Septemba haijaisha, wakati mbao ni kavu na mafundi hawajaenda mashambani. Mwezi ujao, tukijaliwa, tutasema habari za madirisha, kwa kuwa barua tatu zimekuja zikiuliza juu ya wavu wa mbu.