Joto si Halijoto

Anayetotolesha mayai ya kuku kwa mashine huhitaji themostati itakayotunza takribani nyuzi 37.5 za Selsiasi kwa siku 21. Dukani huambiwa kuwa kifaa hicho ni "kidhibiti joto", na jina hilo halimtoshi. Themostati ya kuongoza hita huwasha umeme halijoto inaposhuka. Ya kuongoza feni huuwasha inapopanda. Zipo zinazoweza yote mawili, ila sharti mnunuzi aitegeshe kwa kazi moja. Akikosea, hita itawaka wakati mayai yamekwisha kupata moto wa kutosha, na viinitete vitafia ndani ya maganda.

Ndiyo maana nashikilia kwamba maneno haya mawili tusiyachanganye. Joto ni hari yenyewe. Halijoto ni kipimo, na hata barafu inayo. Basi tuseme "kidhibiti halijoto", kisha tubainishe: cha kupasha au cha kupoza. Washairi wenzangu, ninyi mliozoea kuhesabu mizani, msione uzito wa kuongeza silabi mbili. Kwa mfugaji, silabi hizo ni uhai wa vifaranga.