Udogo wa Kifuko Si Udogo wa Kisu

Mwalimu mwenzangu wa hapa Mai Mahiu aliniuliza majuzi kama kuna ubaya kuongeza matiti kwa vifuko vidogo vya silikoni, pasiwe na atakayetambua.

Sikumcheka. Achaguaye kidogo ana hoja: uzito ukipungua, ngozi haivutwi sana, na umbo hufanana na la kuzaliwa nalo. Hata hivyo, udogo wa kifuko haupunguzi ukali wa kisu. Vifuko hivi havidumu maisha. Huenda vikapasuka, na mwili ukapasuliwa upya. Mwaka 2010 kampuni ya PIP ya Ufaransa iligunduliwa ikitumia silikoni ya viwandani, ilhali wanawake takriban 300,000 duniani walikuwa wametiwa vifuko vyake. Nao Oktoba 2024, mwanamke mmoja alifariki baada ya upasuaji wa urembo jijini Nairobi.

Mwili ni wake, na uamuzi ni wake. Ila kabla ya kuuliza ukubwa, na aulize leseni ya daktari, asili ya kifuko, na mshahara wa mwalimu utalipiaje upasuaji wa pili. Dereva ateremkaye ukingo wa Bonde la Ufa kuja Mai Mahiu hakagui rangi ya lori, hukagua breki.